Malka ya Ng'ombe wa Jua

Asubuhi semina ilipotakiwa kuanza, wahandisi walikataa kuingia ukumbini kwa sababu maji ya chupa yalikuwa hayajapoa. Friji ya hoteli ilikuwa imejaa nyama ya mbuzi ya mchana. Mhudumu aliomba radhi, na wahandisi wakakaa kivulini na vitambulisho vyao shingoni, wakililalamikia joto la Garsen kana kwamba kuna mtu aliyelileta makusudi. Maji yalipopoa waliingia. Kila mmoja alifungua chupa, akanywa mafunda machache, akaisahau mezani na kufungua nyingine.

Semina ilihusu dhoruba za jua na madhara yake kwa gridi ya umeme. Mkufunzi alikuwa ametoka Nairobi. Aliwahi kujifunza mambo hayo katika nchi ya baridi, na kila alipoitaja nchi hiyo alijifunga vizuri kifungo cha koti. Alieleza kwamba jua, likichafuka, hutupa wingu la chembe zenye chaji, na wingu hilo likiifikia dunia huvuruga sumaku yake. Hapo mkondo usiotarajiwa huzaliwa ardhini. Mkondo huo hupanda kwenye waya za ethi, zile zinazozikwa ardhini, huingia ndani ya transfoma, na transfoma huguna, hupata moto, na hatimaye huungua.

"Mkondo huu hauna ubaya," alisema mkufunzi. "Unatafuta njia tu. Ukiupa njia utapita. Ukiunyima, utapita ndani ya mashine yako."

Wahandisi walipiga makofi, kama walivyopigia makofi kila jambo lililokaribiana na chai.

Aliyekuwa akisikiliza kweli alikuwa Madina Duba, mhandisi kijana wa kituo cha umeme cha hapo nje ya Garsen, upande wa kwenda kijiji cha Hewani. Alikuwa amezaliwa kwenye nyika hiyohiyo, binti wa mfugaji wa Kiorma, na miongoni mwa waliohudhuria ni yeye peke yake aliyejua mto uko upande gani bila kuangalia simu. Madina alikuwa bado anaamini kwamba jambo likieleweka litatendeka. Chuo kilikuwa hakijamwondolea imani hiyo, na kampuni ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kazi hiyo.

Kituo chenyewe kilikuwa kimejengwa juu ya malka. Malka ni njia pana ambayo wafugaji huwapitishia mifugo kutoka nyikani hadi Mto Tana, na wakulima wa Kipokomo walio kando ya mto huiacha wazi, hawailimi hata mvua ikiwa nzuri kiasi gani. Aliyechora ramani ya kampuni aliona kipande kirefu cha ardhi nyeusi, kisafi, kisicho na mmea wala nyumba, kinachoteremka mpaka majini. Akaandika: ardhi isiyotumika. Basi uzio ukajengwa, transfoma zikaja, na nyaya nene zikapita juu ya vijiji ambavyo havikuwa na taa zikienda kuwasha taa za kwingine.

Tangu hapo, ng'ombe wa Duba Galgalo, baba yake Madina, walilazimika kuuzunguka uzio na kushika njia ndefu ya vichaka vya mathenge, miti ya miiba, kisha wapenye kwenye mashamba ya Hewani ndipo waone maji. Kiangazi kilichopita wengi walianguka njiani. Wale waliofika walikanyaga migomba ya Mama Everline Komora, na nusura vijana wa pande mbili wakatane mapanga. Sasa kiangazi kilikuwa kimerudi. Duba alikuwa amebakiza kundi dogo, mbavu nje, na kila aliyeliona alijua kwamba likizungushwa tena halitarudi.

Baada ya chakula cha mchana palikuwa na kipindi cha kushirikisha jamii. Sheria ilikitaka, kwa hiyo hema lilisimamishwa kwenye maegesho ya hoteli, na wazee wakakalishwa kwenye viti vya plastiki juani, wahandisi kivulini. Mkufunzi aliwaeleza wageni wake dhoruba ya jua kwa maneno yaleyale, ila polepole na kwa sauti kubwa zaidi, akidhani shida yao ni masikio.

Madina aliombwa kutafsiri kwa Kiorma. Alifika kwenye mkondo akakwama. Hakulijua neno la kitu kinachotoka juani, kinachosafiri, kinachoshuka ardhini na kutafuta njia. Akachukua lililokuwa karibu naye zaidi. Alisema kwamba jua lina ng'ombe wake, kwamba likichafuka ng'ombe hao hutoroka zizini, na kwamba wakifika hapa hutafuta malka.

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeona ajabu. Ng'ombe hutoroka.

Duba, kwa heshima ya mgeni, aliuliza kwa Kiswahili. "Zinatoka mbali, hii ng'ombe?"

"Mbali sana, mzee," mkufunzi alisema, akifurahi kupata swali. Hakulisikia vizuri neno la mwisho. "Zaidi ya kilomita milioni mia."

"Na huko njiani maji iko?"

"Hakuna kitu. Hakuna hata hewa."

"Basi zitafika na kiu," Duba alisema. "Mutafungua?"

Mkufunzi alimgeukia Madina. "Anasema nini kuhusu kufungua?"

"Anauliza kama mtafungua njia zikifika."

"Mwambie ndiyo. Hiyo ndiyo mada yote ya semina. Lazima tufungue njia." Kisha akawageukia wahandisi. "Mnaona? Mzee wa nyikani ameelewa kuwashinda ninyi." Wahandisi walicheka kwa ukarimu wa watu walioshiba.

Mama Everline alisimama, leso begani. "Mimi nina neno, Mheshimiwa."

"Mimi si mheshimiwa, mama."

"Hilo nimeliona. Neno langu ni hili. Malka hatukuilima sisi, hawakuilima mababu zetu. Njaa ilitupiga tukaitazama tu. Ninyi mmekuja juzi mkapanda vyuma. Sasa mnatuuliza tushirikiane namna gani, tuvimwagilie?"

Wazee walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika mguu. Duba alimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Levi, polepole, watakunyima soda."

"Soda yenyewe ya moto, ndugu yangu. Wakanywe wenyewe."

Meneja wa kituo, mtu aliyevaa kofia ya usalama hata hotelini, alishukuru kwa maoni mazuri. Soda ziligawiwa. Mkufunzi alimwandikia mwenzake ujumbe kwenye simu kwamba jamii imeikubali teknolojia.

Siku iliyofuata habari zilikuja kwamba jua limechafuka kweli, na kwamba wingu liko njiani. Mkufunzi alifurahi kama mtu aliyeagiza mvua ya harusi. Wahandisi walipakiwa kwenye magari yenye baridi, wakapelekwa kituoni alasiri kujifunza kwa vitendo, wakapewa kofia na viatu vizito, na wakapigana picha mbele ya transfoma.

Ng'ombe walitokea upande wa nyika, pale malka ya zamani inapotoka kwenye vichaka. Walikuwa wekundu kama kaa lililopulizwa, wenye pembe ndefu, na hawakuwa na vivuli kwa kuwa mwanga ulikuwa ni wao wenyewe. Walitembea vichwa chini, kwa mwendo wa mifugo iliyochoka. Hawakutimua vumbi. Hawakuacha kinyesi pia, jambo ambalo meneja alilisifu baadaye kwenye ripoti. Walifuata njia bila kukosea hadi ilipokatwa na uzio, wakasimama.

"Nani amewaruhusu hawa?" meneja aliuliza.

Issack, askari wa lango, kijana wa Garsen mwenye sare kubwa kuliko mwili wake, aliwachungulia. "Hawana kitambulisho, bosi."

"Waambie leo kuna semina."

Issack akawaambia. Ng'ombe wa jua hawakuruka wala hawakuvunja kitu. Waliegemeza vipaji vya nyuso kwenye nyaya za uzio na kungoja, kama ng'ombe yeyote anavyongoja boma lifunguliwe. Uzio ulianza kung'aa. Joto lilishuka kwenye waya za ethi, likapita chini ya kokoto, likapanda ndani ya transfoma. Transfoma ikaanza kuguna, kwanza kama mtu anayeinua gunia, halafu kama mtu aliyeshindwa kulitua. Mafuta yalianza kutoa harufu. Taa zilizimika Garsen, kisha simu za meneja zikaanza kuingia kutoka Lamu, zikiuliza kulikoni.

Wahandisi walifungua vitini vyao. Mmoja alisema hali hii iko kwenye sura ya mwisho, na sura ya mwisho ilipangiwa kesho.

"Wafungulie malka," Madina alimwambia mkufunzi. "Ulisema mwenyewe. Wakipewa njia watapita."

Mkufunzi alitazama slaidi zake kwenye simu, akakuta ni kweli alisema. "Nyuma kuna lango la kwenda mtoni?"

"Hakuna," meneja alisema. "Na siwezi kukata uzio bila idhini ya makao makuu."

Transfoma ilipiga ukelele. Meneja alifikiria nani angelaumiwa, akakuta ni yeye. Idhini ikapatikana papo hapo. Mafundi walileta mkasi wa chuma wakakata uzio upande wa mto, Issack akafungua lango la mbele, na ng'ombe wa jua wakaingia mmoja mmoja, wakapita kati ya mashine kwa uangalifu kuliko wahandisi, wakatokea upande wa pili. Waliteremka hadi ukingoni. Mamba waliokuwa wamejianika pale walisogea kidogo kuwapisha. Ng'ombe walikunywa kwa muda mrefu, mto ukafuka mvuke, na waliposhiba walipanda na ule mvuke, wakarudi kwao. Transfoma ikatulia.

Mkufunzi aliwaambia wahandisi waandike kwamba njia mbadala ya kushusha mkondo imefanya kazi.

Nyuma ya kundi la jua, hatua chache tu, alikuwa anakuja Duba na kundi lake. Alikuwa ameona kutoka mbali lango likiwa wazi, na ng'ombe wake wameshanusa maji. Shingo zimenyooka. Hata wale waliokuwa wakisukumwa kwa fimbo tangu asubuhi sasa walikuwa mbele.

Lango likafungwa.

"Issack," Duba aliita kupitia nyaya, "mimi iko nyuma yao. Hii ni mwendo moja tu."

"Nimeona, mzee. Lakini hao wameisha."

"Fungua kidogo. Zinakunywa, zinarudi. Hazigusi chuma yako hata moja."

Issack alimtazama meneja. Meneja alikuwa akijifuta jasho. Madina alimwendea, na kwa kuwa alikuwa bado anaamini, alimweleza vizuri, kwa mpangilio. Lango lilikuwa wazi sasa hivi tu. Uzio wa nyuma umekatwa tayari. Njia ni ileile, mto ni uleule, na ng'ombe hawa wakizungushwa watakufa kwenye mathenge kabla ya kufika. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililomtia Madina moyo.

"Madina, wewe ni mhandisi mzuri," meneja alisema. "Lakini unachanganya. Ng'ombe wa jua ni suala la kiufundi. Ng'ombe wa baba yako ni suala la kijamii. Ni idara mbili."

"Idara ya jamii ni nani?"

"Haijaajiriwa."

Mkufunzi aliongeza, kwa upole wa mtu anayekaribia gari lenye baridi, kwamba ng'ombe wa kawaida hawana tishio lolote kwa gridi. Alilisema kama habari njema.

Duba aliwageuza ng'ombe. Kuwageuza ng'ombe walionusa maji ni kazi nzito kuliko kuwachunga mwezi mzima, na wahandisi, ambao hawakuwa na la kufanya tena, waliitazama kupitia madirisha. Magharibi ilipoingia kundi lilifika mashamba ya Hewani likiwa limepungua. Mama Everline alikuwa amesimama kwenye migomba yake, panga mkononi. Alilitazama kundi. Kisha aliinamisha mgomba mmoja wa pembeni, akaukata mwenyewe, na mwingine, ili wapite hapo na wasikanyage yote.

"Leo ni migomba, Mzee Duba," alisema. "Kesho mtapita wapi, chumbani kwangu?"

"Kama iko maji, Mama Levi."

"Toka hapa." Lakini alikuwa ameshaanza kuwaswaga ndama kwa kanga.

Semina ilifungwa kwa vyeti. Mkufunzi alipeleka habari za Garsen kwenye mkutano wa nchi ya baridi, na alipigiwa makofi na watu waliokuwa wamevaa makoti kwa sababu ya baridi ya kweli. Kampuni iliamua kwamba miaka hii jua litachafuka mara kwa mara, na kwamba kituo lazima kiwe tayari. Lango jipya la chuma kilichopakwa rangi liliwekwa upande wa mto. Njia iliyopita kati ya mashine ilitandikwa kokoto nyeupe. Nje lilisimamishwa bango: MALKA YA JUA. MIFUGO MINGINE HAIRUHUSIWI. Mkubwa mmoja alikuja kulizindua, akakata utepe, akasema kampuni inaheshimu mila za wenyeji.

Madina aliteuliwa kusimamia malka hiyo. Wenzake walidhani angekataa. Alikubali kwa sababu mwongozo wa lango ulikuwa haujaandikwa, na wa kuuandika alikuwa yeye. Mahali kampuni ilipotaka neno mkondo, yeye aliandika ng'ombe. Mahali ilipotaka ng'ombe wa jua, aliandika ng'ombe yeyote. Alipeleka rasimu juu akiwa na matumaini, na haikurudi na masahihisho mengi. Mtu wa makao makuu aliongeza maneno mawili tu, mwenye joto, ili pasiwe na utata.

Ng'ombe yeyote mwenye joto apite.

Issack alipewa kifaa cha kazi hiyo. Ilikuwa ile bastola ya kupimia homa kwenye paji la uso, iliyobaki stoo tangu siku za korona. Dhoruba ilipofika alisimama langoni akampima kila ng'ombe wa jua, kifaa kikalia, akampungia mkono apite. Wengine kifaa kiliyeyuka kidogo mbele yao, akaletewa kingine. Ilikuwa kazi nyepesi, na watu wa Garsen waliacha hata kusimama kutazama. Taa hazikuzimika tena Lamu. Kwenye vijiji vilivyo chini ya nyaya hazikuzimika pia, kwa kuwa hazikuwahi kuwaka.

Kiangazi kilipofika mwisho wake, ambapo huwa kibaya zaidi, Duba alikuja langoni alasiri moja bila dhoruba yoyote. Kundi lake lilikuwa sasa la kuhesabika kwa kuangalia. Halikuwa na nguvu ya kuzunguka. Madina alikuwa ndani. Aliwaona akatoka, na akasimama kando ya Issack akiwa na mwongozo mkononi.

"Soma," alimwambia.

"Ninaujua, injinia."

"Basi fanya. Umeandikwa ng'ombe yeyote."

Issack hakuwa mtu mbaya. Alimsalimia Duba, akaulizia nyumbani, kisha akaanza kupima. Aliwapima kwa utaratibu, paji kwa paji. Kifaa kilikaa kimya. Alikipiga na kiganja, akajaribu tena. Kimya. Ng'ombe mwekundu, kimya. Ndama, kimya.

"Weka mkono," Duba alisema. "Hii ngozi imeshinda juani mchana mzima. Si moto hii?"

"Moto wa nje hauhesabiki, mzee. Mashine inataka wa ndani."

Alibaki Guracha, ng'ombe mweusi, mama wa nusu ya kundi. Alikuwa amesimama miguu imeachana, macho yanatiririka machozi mazito, puani pamekauka. Alikuwa mgonjwa kwa siku kadhaa. Issack alielekeza kifaa kwenye paji lake na kikalia.

Issack alipima mara ya pili. Kikalia tena.

"Huyu apite," alisema, na kwa kweli alifurahi.

"Ni homa," Madina alisema polepole.

"Haikuandikwa joto la nini, injinia. Imeandikwa mwenye joto."

Madina aliufungua mwongozo. Alitafuta mpangilio wa kulieleza jambo hilo, la kwanza, la pili, na safari hii hakuupata. Issack alifungua lango. Guracha alipita peke yake kwenye kokoto nyeupe, kati ya mashine zilizokuwa zikiguna taratibu, akatoka kwa lango la pili, akateremka mpaka kwato zikaingia majini.

Hakuinama. Aligeuza shingo akatazama nyuma, akalia. Kundi lililokuwa nje ya uzio likamjibu.

"Mzee, mbona hanywi?" Issack aliuliza.

"Anangoja wenzake," Duba alisema.

Issack alilitazama kundi, akakitazama kifaa mkononi. "Basi atangoja," alisema, akafunga lango ili vumbi lisiingie kwenye mashine.